Krismasi Niliyowaachia Jiko Lao

Ijumaa, 20 Desemba

Nimefika Taipei. Begi limefika, miguu imevimba kidogo, na hakuna aliyekufa.

Mume wangu, Baba Seonu, alijua nasafiri. Nilimwambia mwezi uliopita, nikamwambia tena, na tena, na kila mara alikuwa anaangalia mpira. "Sawa, sawa." Leo ndiyo amefungua kalenda. Mwaka huu tambiko la marehemu baba yake, kwa kalenda ya mwezi, limeangukia tarehe 25. Akanipigia nikiwa bado nasubiri begi. Akasema bila shaka nimesahau. Nikamwambia sijasahau. Halafu akauliza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa: kwa hiyo nani atapika?

Tangu nimeolewa na mwana wa kwanza wa ukoo huu, leo ndiyo mara ya kwanza nasikia swali hilo likitoka mdomoni mwake.

Okhwa alikuja kutupokea na koti la mvua la njano. Mimi, yeye na Pilyo, niliyesafiri naye, tulisoma pamoja Daegu, Korea, shule ya wasichana. Okhwa amestaafu ualimu, amehamia huku, anawafundisha vijana Kikorea. Hakuolewa. Ukoo wa mume wangu humwonea huruma sana! Nyumba yake ina dirisha kubwa na kochi ambalo hakuna mwanaume amelala juu yake.

Tumekula tambi za nyama mtaa wa nyuma. Naandika hapa ili nisije nikageuka: sirudi kabla ya tarehe 27. Na sipiki kwa simu. Ile ya kusema "sasa weka chumvi, sasa geuza" — hiyo nayo ni kupika. Nikianza, nimekwisha.

Jumamosi, 21 Desemba

Mvua. Tumekwenda hekaluni na miavuli, Pilyo akabaki getini kwa sababu yeye ni mtu wa kanisa na hataki moshi wa ubani kwenye koti lake. Baadaye Okhwa akapika vidonge vya unga wa mchele, vyekundu na vyeupe. Leo ni siku fupi kuliko zote za mwaka, na huku kila nyumba inakula hivyo. Nilidokoa kimoja kikiwa bado sufuriani, nikaungua ulimi. Kitamu mno.

Chakula cha tambiko mpishi haruhusiwi kuonja. Wafu kwanza, wanaume wafuate, halafu wewe ule kilichopoa, umesimama, mkono mmoja kwenye masufuria. Mwaka jana baba mdogo wa Baba Seonu alisema mboga za mlimani zimezidi chumvi. Akala sahani mbili.

Leo huyohuyo ameandika kwenye grupu la ukoo kwamba mke wa mwana wa kwanza ndiye nguzo ya nyumba. Wote wakaweka vidole gumba. Nikatuma picha yangu na bakuli la vidonge. Hakuna aliyeweka kidole.

Niseme wazi, maana hapa hasomi mtu. Mwezi wa kumi mama yangu alitimiza mwaka tangu afariki. Tambiko lake la kwanza. Baba Seonu akaenda kucheza gofu. Alituma shada la maua lenye utepe, na kwenye utepe kuna jina la kampuni yake. Kaka yangu akaniuliza, shemeji yuko wapi? Nikadanganya, nikasema ana homa. Niliumia. Bado naumia. Siku ile nikiosha vyombo vya mama ndipo nilipoamua kwamba baba wa mume wangu nami simjui.

Jumatatu, 23 Desemba

Jana hatukufanya lolote, ndiyo maana hakuna maandishi.

Leo tumepanda basi kwenda ule mji wa mlimani wenye taa nyekundu. Watu kama mchele. Picha zote tulizopiga zina miavuli ya watalii wa Kijapani. Tukapata meza kwenye duka la chai, Pilyo akavua viatu chini ya meza, na mimi nikaanza kujisikia msichana.

Ndipo Mihyang akapiga. Ni mke wa shemeji yangu, mdogo wa Baba Seonu. Anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno asiyefunga hata sikukuu.

Hakunisalimu hata. Akasema: dada, umekwenda kustarehe, umeniachia mzigo. Wanaume wameshakaa kikao. Wameamua achukue likizo apike yeye.

Nikamwambia asipike.

"Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Taiwan," akasema. Akakata.

Chai ikanishinda. Pilyo akasema kwa sauti ya Jumapili kwamba labda nirudi tu, mwaka mmoja zaidi utaniua? Angalau mwenzangu asiumie. Okhwa akamgeukia, mkono wake begani kwangu. "Malsun hajamwachia mtu kitu. Waliomwachia wapo huko Daegu, wana mikono miwili kila mmoja." Pilyo akanuna. Tumerudi kwenye basi kila mtu anatazama dirisha lake.

Mihyang ana haki ya kunikasirikia. Hilo ndilo linaloniwasha. Wale wengine wakasirike hadi wapasuke.

Jumanne, 24 Desemba

Asubuhi meseji kutoka kwa Baba Seonu. Amenikatia tiketi, ndege ya kesho asubuhi. "Imeshalipiwa." Hakuuliza. Ameweka na kikatuni cha sungura anayeinama.

Sikujibu. Tukaenda kutazama mti mkubwa wa taa, tukala tofu ya soya inayonuka, Pilyo akaziba pua kisha akamaliza ya kwake na yangu. Alasiri akatuburuta kwenye kanisa la Wakorea. Mimi si mkristo lakini nyimbo ni nyimbo. Hatujakaa vizuri, mama mmoja akanishika bega: dada, mikono yako inaonekana ya kazi, njoo jikoni utusaidie kumenya. Nikajikuta nimeshakunja mkono mmoja wa sweta. Nikaukunjua. Nikamwambia hapana, nimekuja kukaa. Akanitazama kana kwamba nimetukana. Nikakaa! Nikaimba kila ubeti, hata nisioujua.

Jioni tulikuwa sisi watatu tu nyumbani kwa Okhwa, chakula cha mkesha. Yeye kuku, Pilyo saladi, akanipa mimi matunda, kazi nyepesi. Nikawa naongea huku nakata. Ghafla wakaweka visu chini wote wawili.

"Malsun," Pilyo akasema, "nani amekufa?"

Nikatazama meza. Nilikuwa nimekata vichwa vya matufaha na vya mapeasi, kila tunda limefunguliwa kofia, ili marehemu apate pa kuanzia kula. Matufaha nimeyapanga upande wa mashariki, mapeasi magharibi. Kwenye nyumba ambayo hata sijui mashariki ni wapi! Mkono ulikuwa umeshapajua. Nilikuwa nimemwandalia baba mkwe wangu meza ya tambiko, Taipei, mkesha wa Krismasi, pembeni ya kuku wa kuoka.

Okhwa akacheka hadi akashika friji. Pilyo naye. Mimi nikacheka nao, halafu kicheko kikageuka, nikalia vibaya, makamasi na kila kitu. Kumbe nimevuka bahari na jiko limekuja nami, limekaa mikononi.

Nilipomaliza kulia nilichukua tufaha lenye kichwa kilichokatwa, nikalila lote. Lilikuwa la kawaida.

Jumatano, 25 Desemba, asubuhi

Nitaandika ukweli. Nimeamka nikavaa. Nikafunga begi. Nilikuwa namfikiria Mihyang na sufuria za mafuta. Pilyo aliniitia teksi, akanishika mkono, akasema nafanya vyema. Okhwa akakaa kwenye kochi na kahawa yake.

Viatu nimeshavaa. Simu ikalia. Baba Seonu.

"Ukitua pitia sokoni moja kwa moja, samaki bado hajanunuliwa. Chukua mkubwa."

Hakuna habari za safari. Hakuna asante. Hana hata shaka kwamba ninakuja — mtu ambaye sijamjibu tangu jana!

Nimevua viatu. Pilyo akashuka mwenyewe kumwomba radhi dereva. Nikamtumia Mihyang meseji: "Sirudi. Nisamehe ukiweza. Wakikubana, sema ni mimi niliyekukataza." Ameisoma.

Sasa tunakwenda kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto.

Jumatano, 25 Desemba, jioni

Naandika nikiwa mezani, simu ikiwa hewani mbele yangu. Pilyo anasema nimerukwa na akili. Acha aseme.

Tulikuwa ndiyo tumeanza kula, chungu kinachemka katikati ya meza, kabichi, uyoga, nyama iliyokatwa nyembamba, Okhwa amemimina gongo la mtama la huku. Simu ya video. Nimeiegemeza kwenye chupa ya siki.

Wanaume wote wa ukoo wapo sebuleni kwangu na suti nyeusi. Picha ya baba mkwe iko mahali pake. Mezani kuna vyakula vya kununua, vingine bado vimo kwenye vikasha vya plastiki. Mama mkwe amekaa kwenye kiti, magoti yake hayakunjiki tena. Baba Seonu amesimama, kashika sahani yenye samaki mzima.

Hakunigombeza. Hana muda. "Mama Seonu, kichwa cha samaki kinaelekea wapi? Mashariki au magharibi?"

Najua. Naijua hata usingizini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Okhwa akanitilia nyama kwenye bakuli.

"Baba ni wako," nikamwambia. "Kumbuka alivyokufundisha."

Wakatazamana. Mmoja akasema mashariki, baba mdogo akasema magharibi, wakaanza kubishana. Huyo mtaalamu wa chumvi! Shemeji yangu akageuka kumuuliza mkewe. Hapo ndipo nikamwona Mihyang. Hana aproni. Amevaa koti na mkoba uko begani, hata likizo hakuchukua, ametoka kazini moja kwa moja.

"Mimi sijui," akasema. "Huyo marehemu simtambui. Nilipoolewa alishafariki."

Akasogea kwenye simu, akaniinamia kidogo. "Krismasi njema, dada." Akatoka kwenye picha. Nikasikia mlango ukifungwa, ule mlio wa kitasa. Shemeji yangu akaita, unakwenda wapi?

Sasa wananitazama mimi wote, suti zote zile. Baba Seonu anahamisha sahani mkono huu hadi ule, samaki ni mzito kweli. "Mama Seonu, tafadhali." Neno hilo nalo sikujua analo.

Mama mkwe ameinuka. Taratibu, kashika ukuta. Baba mdogo anasema, haya shemeji, mwonye mkweo. Uso wa mama mkwe umejaa kwenye kioo chote. Mkono usio na kalamu nimeukunja ngumi chini ya meza, na naapa, akinitukana leo nitamjibu.

Ananitazama. Kisha anatazama mvuke unaopita usoni kwangu.

"Mnakula nini huko?"

Nimemgeuzia simu aone chungu. Amesogeza uso, ananiuliza ule ni uyoga gani, na nyama inakaa majini muda gani. Nyuma yake Baba Seonu bado ameshika samaki.