Bibi wa Kuazima

Biryogo, Kigali, Agosti 1992

Mjukuu wangu Maneno,

Huna haya! Ulipokwenda kuposa ulimkalisha mwanamke wa Niboye mahali pangu, ukawaambia wakwe zako huyo ndiye bibi yako. Kisa mimi ni Mswahili wa Biryogo, Mwislamu, na wewe siku hizi unajiita Emmanuel. Unajua kitenge alichovaa alikiazima kwa nani? Kwangu! "Dada, nina shughuli ya watu wakubwa," akasema. Nikampigia na pasi.

Hapa tupo, ila cherehani imekufa na kifua kinanibana. Tangu tumzike baba yako, mwanamume wa kuniteremsha kaburini ulibaki wewe tu, mume wangu. Lakini Emmanuel ataingiaje kaburi la Waislamu, wakwe wakimtazama? Hutakuja, najua. Nimeshamwomba Shabani muuza mkaa anipokee yeye, mtu baki.

Ni mimi Zaina, niliyemzaa baba yako. Mimi basi tena, lakini huyo msichana hana kosa. Nenda kesho umwambie unaitwa Maneno, kabla hajakuzalia mtoto asiyejua kwao.