Kikuba cha Adila

Jumamosi, 12 Julai 2025
Wifi Chausiku kapita asubuhi. Chai hajaimaliza, kaanza: eti huu mti unaotambaa uani kwangu si asumini, ni magugu, niung'oe. Magugu! Nimeuchimba Mlingotini kwa marehemu mama, siku kaka zangu walipobomoa nyumba. Kweli nilichimba kwa haraka, na mimea mingine ya kutambaa ilikuwepo. Kweli miaka mitatu majani tu. Lakini Septemba mwanangu Adila anaolewa, na nataka avae kifuani kikuba, kishada cha asumini ya bibi yake, nimfungie mwenyewe. Wifi kacheka. Vikuba vya mtaa huu vinatoka kwake, kasema. Kama vile maua kaumba yeye!

Jumatatu, 14 Julai
Nimemwita jirani, Mwalimu Klementina, anafundisha kilimo. Kageuza majani, kasema asumini. Kauliza naumwagilia nini. Maji ya kuoshea samaki, kila siku, na samadi.
"Ndiyo maana, Mama Adila. Umeshiba mno huu. Ukate, uache usikie kiu."
Niukate mti wa mama! Nilikasirika hata kumkaribisha chai nikasahau.
Jioni nimeukata. Nimelia.

Jumapili, 31 Agosti
Vitumba! Kumi na moja! Vina wekundu mgongoni — ndio wenyewe, wa mama. Vya mti wa wifi ni vyeupe vitupu, mviringo kama vifungo. Nimewaita wote wawili waje waone. Mwalimu kapiga makofi. Wifi eti: "Vitapukutika."

Alhamisi, 11 Septemba
Asubuhi mti umejaa vitumba. Narudi alasiri kutoka sokoni — hakuna hata kimoja! Jana vilevile. Chini hakijaanguka kitu. Wifi anasema ndege. Ndege gani huyo anayekata vikonyo sawasawa? Nimemshuku Mwalimu, Mungu anisamehe. Salamu yake nimeijibu nusu.

Jumamosi, 13 Septemba
Leo harusi. Naandika stoo, mlango nimefunga.
Wifi kaingia kwa vigelegele, sahani kaifunika kitambaa kibichi. Kikuba. Kambandika Adila kifuani. Wanawake wote: mti wa Chausiku haujawahi kuwaangusha! Nimesogea nimbusu mwanangu. Wekundu mgongoni. Kila kitumba! Kavichuma kwangu, kavihifadhi kwenye friji lake, halafu anapokea sifa nyumbani kwangu!
Nikisema, naharibu harusi ya mwanangu. Nikinyamaza — basi Adila kavaa asumini ya bibi yake, si ndicho nilichotaka? Hapana! Nilitaka nimfungie mimi.
Wanagonga. Nitoke, nimshukuru wifi mbele ya watu. Nimshukuru!
Nje namsikia Mwalimu Klementina, kwa adabu zake zote: "Samahani, Bi Chausiku. Haya maua ni ya mti upi?"
Vigelegele vimekatika.