Kimeo Hakikuwa na Kosa

Alhamisi, manyunyu tangu alfajiri. Niko wodi ya watoto, Kilosa. Nina hasira, na leo sitajifanya sina.

Mwanangu Zuhura ana miezi minane. Jumatatu alianza kukohoa, nyumbani kwetu Kimamba. Mama mkwe akamchungulia kooni, akasema ni kimeo, kimerefuka, kikatwe. Kliniki tulikuwa tumeshaambiwa wazi kwamba kukata kimeo hakutibu kikohozi. Nilikuwepo, nilisikia. Nikanyamaza, maana mkwe hajibiwi.

Jana, wakati mkataji wa vimeo anamkata, miguu yake niliishika mimi.

Leo asubuhi alikataa ziwa. Kila akivuta pumzi, ngozi chini ya mbavu ilibonyea ndani. Sikumuaga mtu. Nilimfunika kitenge, nikapanda bodaboda.

Nesi alimpandisha gauni, akatazama saa, akahesabu pumzi zake dakika nzima. Sitini na nane. Nikamweleza na habari ya kimeo.

"Mama, hii ni nimonia, na ni kali. Ugonjwa uko kwenye mapafu. Kimeo hakikuwa na kosa."

Wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano za antibiotiki. Nesi akaniambia ningemleta mapema, pumzi zilipoanza tu kwenda mbio, huenda angetibiwa nyumbani kwa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji.

Vidonge. Na mimi nilimpeleka kwenye kisu.

Mchana mama mkwe akafika, amelowa. Nilimwamkia shikamoo bila kumtazama. Maneno nilikuwa nimeshayapanga, na yalikuwa makali. Kabla sijayatoa, akamgeukia nesi.

"Na mtoto akikatwa kimeo, halafu mbavu zikawa zinaingia hivi, akafa siku ya tatu. Naye ilikuwa hiyo?"

"Inawezekana, bibi."

Akakaa sakafuni, taratibu. Najua mume wangu alikuwa na dada aliyefariki mdogo. Hakuna aliyewahi kuniambia aliugua nini.

Maneno yangu nikayameza. Hasira haikumezeka. Namkasirikia yule mkataji, naikasirikia heshima iliyonifunga mdomo, na zaidi ya yote najikasirikia mimi.

Jioni hii Zuhura amenyonya, kidogo tu, akalala. Oksijeni bado ipo, sindano zinaendelea. Nesi anasema ameanza vizuri, ila tusiharakishe kushangilia.

Akiruhusiwa, nakwenda kwa yule mkataji nikamwambie usoni alichokifanya.

Mama mkwe amesema nisiende peke yangu.