Bibi Yake Ametoka

Jumatano usiku, hospitalini

Bado nina hasira na wifi yangu Zena. "Ni malaria tu, muache alale," amekuwa akisema tangu jana, ingawa kipimo hakikuonyesha malaria. Na mimi nikakubali, maana homa na kuumwa kichwa kule kwetu Musaga tumevizoea.

Leo mchana nilirudi kutoka sokoni. Salumu, mume wangu, akainuka kitandani akiyumba, akanivutia kiti. "Karibu, mama, kaa. Bibi yangu ametoka, anarudi saa hii."

Zena akacheka. Lakini bibi yake, mkewe, ni mimi. Salumu hana mzaha wa namna hiyo. Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe.

Nikaita teksi, Zena akipiga kelele kwamba namuaibisha kaka yake.

Daktari alisema homa inayomchanganya mtu hivyo haingojwi nyumbani. Huenda ni virusi vimeingia kwenye ubongo. Dawa inaingia mshipani sasa. Kama ningesubiri mpaka asubuhi...

Kabla ya kulala Salumu alinishika mkono kwa adabu. "Asante, mama, we rudi nyumbani. Bibi yangu atakuja kukaa na mi."

Nikamwambia, "Atakuja."