Mshale wa Boila Unaoshuka

Salma mjukuu wangu,

Hapa Mombasa tu wazima. Mamako mdogo amepata binti. Waniuliza mbona presha ya boila lenu la kupasha nyumba joto huko Brooklyn Park, Marekani, yashuka kila wiki, hata mwanao alala na koti.

Ujanani nilitunza boila la hoteli, nikiongeza maji kila asubuhi mshale wa presha ukishuka, na kujiona hodari. Masika moja nikawauliza wapiga pasi wa hoteli mbona wote huanika leso zilizolowa mvua sakafuni, kona ile ile.

"Hapa pana joto," wakanijibu, "tangu mwaka jana."

Tukachimba. Bomba la maji moto chini ya sakafu limetoboka, maji yanapotelea huko! Mwaka mzima nilitazama mshale tu, sikuwahi kuuliza mtu.

Basi kabla ya kuongeza maji tena, vua soksi utembee nyumba nzima polepole. Kisha niandikie mguu umekwambia nini.

Babu yako