Msalaba Mdogo Juu ya Karatasi ya Mkurugenzi

Papa wangu,

Tangu tulipokuzika huku Ubelgiji, makaburini Laeken, kiti chako cha dirishani hakuna anayekikalia. Watoto wanakizunguka tu. Mimi huenda kwa kinyozi wako wa Galerie d'Ixelles bila shida yoyote ya nywele, nakaa, nawasikiliza wazee wakibishana. Nina hamu na wewe, Papa. Hata hamu ya kugombana nawe.

Wiki jana nilikwenda kwenye nyumba wanakohifadhi mafaili ya koloni. Nilitaka tu kuona karatasi za ofisi yako ya kazi za umma, Travaux Publics, kule nyumbani Élisabethville. Hadithi yako hakuna mgeni aliyeikwepa: mkurugenzi Mbelgiji amezidiwa, kila barabara, kila msumari lazima asaini yeye, mpaka wewe karani wake ukamchorea namna ya kuigawa idara. "Muntu moja hawezi kubeba mabarabara, manyumba na mayi. Bon, nikamugawia kazi mafungu tatu."

Halafu ile Krismasi, mbele ya wageni wote, nikacheka: "Papa, shi ulikuwaka clerc tu, karani!"

Ukaweka kikombe chini. Hukuisimulia tena, miaka minne, mpaka ukatutoka. Nilijua nimekuumiza. Kila siku nilisema nitaomba msamaha kesho.

Basi, faili nimelipata. Barua imepigwa taipu, sahihi ya mkurugenzi: idara iwe na sehemu tatu, kila moja na mkuu wake, yeye apate kupumua. Jina lako halipo popote. Nilikuwa nalifunga nilipoona nyuma ya barua karatasi ya penseli, visanduku vitatu vimechorwa kwa rula, na mwandiko wako, Papa, ule wa kulala upande. Juu kabisa, msalaba mdogo. Ule ambao mapadri waliwafundisha shuleni kuuweka kabla ya neno la kwanza. Uliuweka hata juu ya orodha ya kununua vitunguu sokoni Flagey!

Nililia pale pale. Mama wa Kibelgiji anayetunza mafaili akaniletea maji.

Ulisema kweli, na mimi nikakunyamazisha. Nisamehe.

Krismasi hii wageni watakuja walewale. Nitakaa kwenye kiti chako na nitaisimulia mimi, tangu mwanzo, na nitawaambia pia nilivyokucheka.

Pumzika, Papa. Barua hii, kabla sijaandika "Papa wangu", nimeweka msalaba mdogo pale juu.

Binti yako,
Béa