Hotuba Uliyomwandikia Baba

Kinanie,
Jumapili

Ndugu yangu Rodgers,

Natumaini huko Mlolongo mko salama, wewe na mkeo Emily. Huku mvua imenyesha vizuri na mguu wa mama umepona.

Lakini nina hasira na wewe. Baba alipogombea udiwani, wewe ndiye uliyemwandikia ile hotuba: "Mimi ni mtu wa mila. Kwa kuwa naipenda, nataka tuirekebishe kabla haijatufia. Binti aliyeachika apewe pahali pa kujenga kwao." Akina mama wa kanisa walilia, na baba akachaguliwa.

Mwaka huu nimeachika mimi. Baba alipotaka kunipa kipande cha shamba kando ya barabara, ukampigia simu. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikasikia sauti yako: "Baba, hayo yalikuwa ya kampeni. Ploti za hapo zimepanda bei." Wewe, niliyekubeba mgongoni!

Jana wazee wa ukoo walikuja kumwonya baba kwamba akinigawia shamba watampinga uchaguzi ujao. Baba alisimama.

"Maneno yale aliniandikia mwanangu," akasema. "Yeye ameyaacha. Mimi niliyaamini."

Akanishika mkono, tukatoka kupima kile kipande mbele yao. Wawili waliondoka bila kunywa chai. Huenda baba ameupoteza udiwani, na jana alilala usingizi mzuri.

Kesho fundi anaanza kuchimba msingi. Ukija Krismasi, njia ya kwenda kwako huku itapitia mlangoni kwangu. Utanisalimia.

Dada yako,
Mbithe